Maswali Matatu ya Mama Violet

Wewe unayesoma hapa, ungeweza kusimama mbele ya watu arobaini ukamwambia baba mkwe wako, usoni pake, kwamba anadanganya?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na jibu langu nusura limpokonye mwanamke mmoja nyumba yake.

Mwanamke huyo anaitwa Tusajigwe, ila pale Uyole ukimuulizia kwa jina hilo utazungushwa sana. Uliza Mama Violet wa viazi. Utamkuta kando ya barabara kuu, pale malori yanayotoka Tunduma yanapopunguza mwendo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sado zake za viazi, zile ndoo ndogo za kupimia, zimepangwa mbele. Wenzake huweka viazi vikubwa juu na vidogo chini. Yeye huchanganya tangu chini. Nilimuuliza kwa nini, akasema dereva akifika Dar akakuta vidogo chini, mwezi ujao hasimami. "Na mimi nataka asimame, mdogo wangu. Sina mguu wa kumfuata Dar."

Amezaliwa Rungwe, mtoto wa nne wa mchuma chai. Akiwa na miaka ishirini na moja aliolewa na Saulo, fundi wa kuchomelea vyuma, na mwaka wa kwanza wa ndoa waliishi nyumbani kwa baba yake Saulo, Mzee Andendekisye. Mwaka huo, anasema, alikonda. Hakukonda kwa njaa. Alikonda kwa kukimbia.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hamtazami, hatamki jina lake, hali naye chakula. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Mzee naye kwa upande wake hamsogelei. Hiyo siyo chuki, ni heshima, na wote wawili huilipia kwa miguu yao. Sasa ikitokea kuna jambo la kuambiana na hakuna mtu wa kutumwa, wanafanyaje?

"Unauambia mlango," alinieleza. "Nasimama nje, nimegeuka pembeni, nasema, mlango, maji ya kuoga yapo tayari. Na yeye huko ndani anaujibu mlango, mwambie nakuja."

Nikacheka. "Na mlango ulikuwa unafikisha?"

"Haujawahi kupoteza hata ujumbe mmoja. Siyo kama hiyo simu yako."

Maelezo hayo alinipa siku ya kwanza tulipoonana, na sikuyaandika. Kwenye daftari langu niliandika tarehe ya ndoa, tarehe ya kununua kiwanja, tarehe ya kifo. Habari za mlango niliziacha zipite kama hadithi ya kusogezea muda. Mimi ni mtoto wa Kalenga, kwetu Uheheni mkwe anaheshimiwa lakini anaonekana. Nimesoma sheria Iringa miaka minne, nikadhani kitu ambacho hakikuwemo kwenye vitabu vyangu hakiwezi kuingia mahakamani.

Niseme mapema nilikuwa nani katika jambo hili, maana ndipo hasira yangu inapoanzia. Mimi si wakili. Bado sijaenda Shule ya Sheria kwa Vitendo. Ni msaidizi wa kisheria katika ofisi moja ndogo hapa Mbeya. Naruhusiwa kushauri, kuelekeza, kumwandalia mtu maelezo. Nikivuka kizingiti cha chumba cha mahakama nakuwa mtazamaji kama muuza karanga aliyeingia kupumzika.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Saulo na Tusajigwe walihamia Uyole, wakanunua kiwanja kwa mzee mmoja Msafwa, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu ya tofali za kuchoma. Tusajigwe alibeba maji ya kufyatulia tofali hizo akiwa na mimba ya Violet. Waliishi humo miaka kumi na minne. Kisha figo za Saulo zikashindwa, akafa. Siku ya arobaini haijafika, hati ya mauziano ya kiwanja ikawa haionekani sandukuni. Miezi mitatu baadaye Mzee Andendekisye akaenda mahakama ya mwanzo kuomba ateuliwe msimamizi wa mirathi ya mwanawe, na kwenye orodha ya mali akaeleza kwamba nyumba ya Uyole si ya marehemu. Ni yake yeye. Kiwanja alikinunua yeye, Saulo alikuwa mkaaji tu.

Muuzaji alishafariki. Mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule alishafariki. Walioshuhudia mauziano na ambao bado wanapumua walikuwa wawili, Tusajigwe na mzee mwenyewe. Na Tusajigwe alikuwa na kitu kimoja kichwani, kizuri kuliko hati: alikumbuka kwamba siku ile mkwe wake aliweka dole gumba kama shahidi wa mnunuzi. Hakuweka kama mnunuzi. Tusajigwe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni kwa muuzaji akinyonyoa kuku wa kula baada ya mapatano, akasikia kila kitu, hata nani aliitwa kuweka dole wapi.

Akaweka pingamizi. Nikamsaidia kuliandika.

Jumapili kabla ya siku ya kusikilizwa nilikaa naye sebuleni kwake kuanzia walipotoka kanisani mpaka saa kumi. Nilimfundisha adabu za mahakama. Hakimu akiingia na karani akaita "koooti", unasimama, unainamisha kichwa kidogo, unakaa baada yake. Unamwita Mheshimiwa. Hutafuni kitu. Simu unazima, huipunguzi sauti, unazima. Unaposema unasimama wima, unatazama mbele, unasema kwa sauti ya kumfikia anayeandika. Humkatizi hakimu wala wakili wa upande mwingine hata akisema mbuzi ana mabawa. Unasubiri zamu yako.

"Na zamu yangu ni ipi?"

"Mzee akimaliza kutoa ushahidi, hakimu atakuuliza kama una maswali. Hapo ndipo kesi yako ilipo, Mama Violet. Kitu asichoulizwa shahidi kinahesabika umekikubali. Ukinyamaza, umekubali kwamba nyumba ni yake."

Nikampa maswali matatu. La kwanza: siku ya mauziano uliweka dole gumba upande gani wa karatasi? La pili: nyumba ilipokuwa inajengwa ulikuwa unaishi wapi? La tatu: katika miaka kumi na minne uliwahi kumdai Saulo kodi au kumwambia ahame? Nikajifanya ndiye mzee. Nikakaa kwenye kochi, nikakunja uso, nikakohoa. Violet, ambaye yuko kidato cha pili, akacheka mpaka akatoka nje. Tusajigwe aliniuliza maswali yote matatu bila kubabaika. Alinibana. Kwenye la pili nilijaribu kukwepa, akarudi nalo kama mtu anayedai chenji yake.

Nikatoka pale najisikia mwanasheria. Alipokuwa ananisindikiza, alisema kitu akiwa anatazama chini.

"Ila wewe siyo yeye."

"Ni hivyohivyo," nikamwambia. "Ukizoea kwangu umezoea."

Jibu la haraka, kama nilivyosema.

Siku yenyewe chumba kilijaa. Mzee Andendekisye alikuja na wakili, Wakili Ezron, mtu mnene mwenye sauti nzuri, ana ofisi Iringa na alikuwa amelala Mbeya kwa ajili ya shauri hili. Hakimu alikuwa Mheshimiwa Leokadia, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mwandiko wa polepole. Nataka nimtendee haki: hakufanya jambo lolote nje ya taratibu. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Angekuwa mla rushwa ningejua pa kupeleka hasira.

Katika tarehe zote za nyuma mzee alikuwa hafiki, anamtuma wakili. Kwa hiyo hii ilikuwa mara ya kwanza wao wawili kuwa ndani ya chumba kimoja. Nilimwona Tusajigwe akiingia kwa ubavu, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Akavuta kitenge kutoka begani, akajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi, akakaa mwisho wa benchi akitazama ukuta. Ukutani pale pana karatasi yenye kichwa MAMBO YA KUZINGATIA UWAPO MAHAKAMANI. Simama unapozungumza. Tazama mbele. Usifunike uso. Karatasi hiyo niliichapa mimi, ofisini kwetu, tukaiomba mahakama ruhusa ya kuibandika. Nilikuwa najivunia.

Mzee akapanda kizimbani, akaapa, akasema aliyoyasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Wakili Ezron alimwongoza taratibu, kama anayemvusha kipofu mto: kiwanja ni chako, ndiyo, ulimpa mwanao akae, ndiyo, hati ilipotelea wapi, sijui. Muda wote huo mzee alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikadhani ni aibu ya uongo. Nusu yake ilikuwa hiyo. Nusu nyingine ilikuwa kwamba mke wa mwanawe yuko hatua sita kutoka kwake na hakuna migomba ya kuingia.

"Mpingaji," akaita Mheshimiwa, "una maswali kwa shahidi?"

Tusajigwe akasimama. Akasimama akiwa ameupa ukuta uso na watu wote mgongo.

"Mama, geuka huku."

Hakugeuka.

Karani wa mahakama ni mzee wa Kinyamwezi anaitwa Maganga, mtu wa maneno. Akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo chumba kizima kiliisikia, "Mama, funua uso. Mahakama haiongei na kitenge."

Watu wakacheka. Kitenge kikashuka zaidi. Kisha yule mwanamke anayesimamisha malori kwa mkono mmoja akaanza kuchuchumaa, polepole, mpaka akawa amekaa juu ya visigino vyake, uso kwenye magoti.

Wakili Ezron akainuka. "Mheshimiwa, nasikitika kusema, lakini mpingaji anaipa mahakama yako mgongo. Kwa uzoefu wangu hiyo ni dharau."

"Mama Violet," nilijikuta nanong'ona kwa nguvu, "uliza. Uliza tu la kwanza."

Hakimu aliuliza mara tatu. Nilihesabu. Mara ya tatu akasema kwa upole kabisa, "Usipokuwa na maswali nitaandika huna." Na nikaona kalamu inashuka.

Nikasimama. "Mheshimiwa, huyu mama—"

"Wewe ni nani?"

"Msaidizi wa kisheria, Mheshimiwa."

"Unaruhusiwa kusema katika shauri hili?"

Ningedanganya ningefukuzwa. Nilisema kweli, nikafukuzwa vilevile. Maganga alinishika kiwiko, akanitoa hadi barazani. Nikasikia kupitia dirishani sauti ya hakimu akisoma alichoandika: mpingaji hana maswali. Shauri limeahirishwa hadi kesho saa tatu, mpingaji aje atoe ushahidi wake.

Maneno matatu. Miaka kumi na minne, maji ya tofali, mimba, na kila kitu kikafungwa kwa "mpingaji hana maswali". Nilitaka kuing'oa ile karatasi ukutani.

Wakili Ezron alitoka anafuta miwani yake. Nikamzibia njia.

"Shikamoo, Wakili. Kwa lafudhi yako, kwenu si Rungwe?"

"Marahaba. Ni Rungwe."

"Basi ulijua. Ulijua kwa nini hageuki, na ukasema ni dharau."

Akavaa miwani, akaniangalia kama mtu anayesoma kibao cha duka. "Kijana, mteja wangu ni nani?"

"Mzee."

"Ulitaka nimhoji mteja wangu kwa niaba ya mpinzani wake? Mngemweleza hakimu ninyi." Akatabasamu. "Aa, samahani. Huruhusiwi."

Akashuka ngazi. Mzee Andendekisye alikuwa anamfuata nyuma. Na kwenye uwanja wa mahakama nikaona kitu ambacho sijakisahau. Tusajigwe alikuwa kwenye njia ya kwenda getini. Alipomwona mkwe wake anakuja, mtu aliyetoka kuapa uongo ili amfukuze, aliacha njia akaingia kwenye majani yaliyolowa mvua ya asubuhi, akageuka pembeni, akasubiri apite. Naye mzee alipopita aliongeza mwendo, kichwa chini.

Hapo nikaishiwa adabu kabisa.

"Mama Violet, unampisha? Huyu? Anakuibia nyumba na wewe unaingia majanini kwa ajili yake?"

Alitangulia mpaka kwenye kibanda cha chai nje ya geti. Alikunja pindo la gauni lililolowa, akakaa. Akaagiza chai mbili na viazi vya kuchemsha, akaonja kimoja, akamwambia mwenye kibanda vimevunwa kabla ya wakati. Kisha akanigeukia.

"Wewe umesoma. Niambie. Nikimwangalia yule mzee, nikamtaja jina, nikamwita mwongo, nikashinda. Nyumba ni yangu. Nikifa, nani atanizika?"

"Hiyo ni—"

"Subiri zamu yako. Si ndivyo ulivyonifundisha?" Akanywa chai. "Violet akiolewa, nani atakaa na wakwe? Wajomba zangu wako Rungwe, watanicheka. Wifi zangu hawatakula kwangu. Unataka nipate nyumba ya vyumba vitatu nikae peke yangu kama mwizi. Mimi nataka nyumba na nataka watu. Vyote ni vya Saulo."

"Sheria haijui mambo hayo, Mama Violet."

"Haijui au haijaambiwa?"

Nikasema kitu cha kijinga, nikasema mila hizi ndizo zinazotuangusha, kwamba siku wanawake watakapoacha kuinama ndipo haki itakaposimama. Nilikuwa naongea kama mtu aliye jukwaani. Aliniacha nimalize.

"Ndaga," akasema, ambayo ni asante ya kwao, lakini aliisema kama mtu anavyomshukuru mgeni aliyekaa muda mrefu. "Na kile kikaratasi chako cha maswali unacho?"

Nikampa karatasi. Akaikunja, akaisokomeza kifuani.

Nilirudi ndani peke yangu nikamtafuta Maganga. Alikuwa anafunga mafaili kwa kamba.

"Mzee wangu, shahidi anaweza kuitwa tena aulizwe maswali?"

"Anaweza. Hakimu akiridhika."

"Aridhike na nini?"

"Sababu. Sababu yenye miguu." Akafunga fundo. "Usiniletee kwamba aliona aibu. Hapa kila mtu anaona aibu. Jana kuna mtu kamwonea aibu mbuzi aliyemwiba."

"Hakuona aibu. Ni mkwe wake."

Maganga akaacha kamba. Akatazama mlango wa ofisi ya hakimu, kisha akanitazama. "Wakwe wa huku bado wanakimbiana?"

"Bado."

"Sasa si mngesema?" Alisema kwa hasira ya kweli, na ndipo nilipoelewa kwamba katika chumba kile cha watu arobaini, waliojua walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa anasubiri mwenye ruhusa ya kusema aseme. Wakili alikuwa na ruhusa na hakutaka. Mimi nilitaka na sikuwa na ruhusa. Hakimu hakujua. Na mwenye shauri alikuwa amegeukia ukuta wenye karatasi yangu.

"Aseme mwenyewe kesho," Maganga akasema. "Kabla hajaapa. Akishaapa ameingia kwenye ushahidi wake, mambo yatakuwa mengi."

Nilimpigia Tusajigwe simu nikamweleza. Alisikiliza, akasema, "Nimeshawaza," akakata.

Asubuhi yake nilifika saa mbili kamili nikakaa benchi la nyuma kabisa, nimeahidi moyoni kutofungua mdomo. Maganga akaita koooti, tukasimama. Mheshimiwa Leokadia akakaa, akafungua jalada. Mzee Andendekisye alikuwa kando ya wakili wake, kofia ya sufu mapajani. Tusajigwe alikuwa upande wa pili, kitenge kichwani, ila safari hii hakukaa kando ya ukuta. Alikaa mwisho wa benchi lililo karibu na mlango.

"Mpingaji, uko tayari kutoa ushahidi?"

Akasimama. Hakutazama mbele, hakuupa mtu mgongo. Alisimama kwa ubavu, uso kwenye mlango.

"Mheshimiwa, kabla sijaapa naomba jambo. Jana nilikuwa na maswali. Ninayo matatu. Yule ni baba wa mume wangu. Kwetu simtazami na jina lake silitamki, na yeye hanitazami. Sikuidharau mahakama. Nilishindwa kuiheshimu mahakama na kumheshimu yeye kwa pamoja, kwa sababu mmetuweka wote chumba kimoja. Naomba nimuulize kwa njia ya kwetu."

"Njia gani?"

"Nauuliza mlango. Yeye anaujibu mlango. Mheshimiwa unaandika."

Mtu mmoja akacheka, akakohoa kuficha. Wakili Ezron alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, napinga. Jana alipewa nafasi, kumbukumbu zinaonyesha hana maswali. Na kwa heshima zote, mlango si sehemu ya shauri hili. Hakuna kanuni inayoruhusu."

Hakimu aliweka kalamu chini. Hakumtazama Tusajigwe. Alimtazama wakili.

"Wakili, kwenu ni wapi?"

"Mheshimiwa?"

"Umezaliwa wapi?"

"Rungwe, Mheshimiwa."

"Mwiko huu anaousema upo, au haupo?"

"Mheshimiwa, mimi si shahidi katika—"

"Sikuulizi kama shahidi. Nakuuliza kama ofisa wa mahakama hii. Jana uliniambia ni dharau. Upo au haupo?"

Nilisikia lori likibadilisha gia barabarani. Wakili Ezron alivua miwani, akaivaa.

"Upo, Mheshimiwa."

"Kaa. Nitaandika kwamba shahidi ameitwa tena kwa amri ya mahakama." Akaandika, kwa ule mwandiko wake wa polepole, na kila mtu akasubiri. "Mzee, rudi kizimbani. Kiapo chako cha jana bado kinakufunga. Mama, uliza."

Mzee Andendekisye alipanda. Kutoka kizimbani mlango unaonekana moja kwa moja, mbao mbili za rangi ya bluu, kitasa kimelegea. Maganga alikuwa amesimama hapohapo mlangoni. Akajitazama, akasogea pembeni kuupisha mlango.

Tusajigwe hakutoa karatasi kifuani. Sauti yake ilitoka ya kawaida, sauti ya nyumbani.

"Mlango, siku ile tulipokwenda kula kuku kwa mwenye kiwanja, mimi nipo jikoni nanyonyoa, baba aliitwa aweke dole. Muulize, aliweka upande wa mnunuzi au upande wa mashahidi?"

Wakili alimwangalia mteja wake kwa nguvu, lakini mzee hakuwa anamwangalia wakili. Hakuwa anaangalia viatu vyake tena. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, ameugeukia mlango, na mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka uani, jioni, maji ya kuoga yako tayari. Midomo yake ilicheza mara mbili kabla sauti haijatoka.

"Mlango," akasema, "mwambie mke wa mwanangu, niliweka upande wa mashahidi. Upande wa mnunuzi aliweka Saulo."

Kalamu ya hakimu ikaanza kukwaruza karatasi. Wakili Ezron aliinuka nusu, akautazama mlango, akakaa.

Tusajigwe alirekebisha kitenge kichwani.

"Mlango, nashukuru," akasema. "Nina la pili."